Mwongozo kamili: namna ya kufundisha vita vya Ai (Yoshua 7 na 8) bila kuwinda "Akani" kwenye kikundi chako

Hili somo la Ai nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeamua niandike lote kwa mpigo. Kila mtu anaanza vizuri tu, anafungua Yoshua 7, anasoma, anafika kwa Akani, yule Mwisraeli aliyeiba vitu vya Yeriko vilivyokatazwa akavificha hemani, Israeli wakapigwa kwenye mji wa Ai, na hapohapo gari linaacha njia. Somo linageuka msako wa nani kaleta mkosi kwenye kikundi, afu kesho yake ananiuliza mwalimu mbona watu wamenuna.

Mi mwenyewe nilishaharibu. Miaka ya nyuma, kwenye kikundi cha nyumba kwa nyumba, nilikuwa nimewaka kwelikweli nikauliza kwa sauti kubwa "Akani wetu humu ndani ni nani?" Kulikuwa na mama mmoja ana deni la kikoba, na habari ilishazunguka mtaa mzima. Hakuna aliyemtaja, ila macho yote yakaenda pale alipokaa karibu na mlango, mtoto amelala mapajani. Alisubiri tukamaliza sala, akamfunga mtoto mgongoni, akavaa ndala zake na hakurudi tena. Nilimfuata mara mbili nyumbani kwake kuomba radhi, akanikaribisha chai vizuri tu, ila kikundini hakurudi.

Kwa hiyo mwongozo huu umetokea hapo. Habari za wachimbaji wa magofu na vita vilipiganwa mwaka gani siziingii kabisa, hiyo ni mada nyingine na ni ndefu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Biblia mbili za tafsiri tofauti. Union Version na Habari Njema zinatosha, na sababu utaiona hatua ya kwanza.

Daftari na kalamu za rangi mbili.

Jioni mbili za maandalizi, kila moja kama saa moja na nusu. Usijidanganye utaandaa kwenye daladala ukienda huko.

Sukari kilo mbili, chumvi pakiti moja ya nusu kilo, kitenge kipya kimoja kizuri, na mkeka. Usicheke, vina kazi.

Mtu mmoja mvumilivu wa kukusikiliza kabla ya siku yenyewe. Mke, mume, jirani, yeyote ambaye haoni aibu kukwambia hapo sijaelewa.

Kitu ambacho hukihitaji ni klipu ya mhubiri mwingine. Ukianza kwa kusikiliza klipu utaisoma Biblia kwa masikio yake na utarudi kulekule kwa "ondoa Akani, ondoa Akani". Sikiliza baadaye ukishamaliza ya kwako.

## Hatua ya 1: Soma kwa sauti, na anzia sura ya 6

Watu wengi wanaanzia 7:1. Kosa la kwanza hilo. Anzia 6:17 mpaka 6:19, ndipo uende sura ya 7 yote na ya 8 yote, jumla ni aya 61 ukiacha zile tatu za mwanzo. Soma kwa sauti, maana ukisoma kimya macho yanaruka sehemu unazozijua.

Kwanini sura ya 6? Kwa sababu amri ilitolewa pale, Yeriko. Fedha, dhahabu, vyombo vya shaba na vya chuma viende hazina ya BWANA, na vitu vingine vyote vya mji visiguswe. Bila hiyo Akani anaonekana kibaka wa kawaida aliyeokota nguo, na adhabu inaonekana ya ajabu zaidi kuliko ilivyo.

Sasa hapa angalia neno. Union Version inasema Akani alitwaa vitu vilivyowekwa "wakfu". Masikioni mwetu leo wakfu ni jambo jema, askofu anawekwa wakfu, kanisa jipya linawekwa wakfu, sherehe na pilau. Ndo maana wasikilizaji wanachanganyikiwa. Neno la Kiebrania pale ni herem, na lina shina moja na neno la Kiarabu tulilolichukua sisi likawa "haramu". Ukiwaambia watu "vitu vile vilikuwa haramu kwao, vimeshatolewa kwa Mungu, mkono usifike", wanaelewa hapohapo bila maelezo marefu. Linganisha na Habari Njema uone wao wameisemaje.

Tahadhari: usianze kuandika mafundisho ukiwa hatua hii. Mkono utawasha lakini uzuie.

Utajua umefaulu pale ambapo unaweza kufunga Biblia ukasimulia habari yote kwa mpangilio, dakika tatu nne, na ukakumbuka idadi ya waliokufa shambulio la kwanza bila kuchungulia.

## Hatua ya 2: Weka mashambulio mawili bega kwa bega

Ai ilishambuliwa mara mbili. Gawa ukurasa wa daftari katikati, kushoto la kwanza, kulia la pili, afu jaza ukijibu maswali haya: nani kaongea wa kwanza, walienda wangapi, nani alikufa, nyara ilikuwaje.

Kushoto utaandika hivi: anayeongea kwanza ni Yoshua, anatuma wapelelezi (7:2), nao wakirudi wanamwambia hakuna haja ya kuwachosha watu wote, wa kule ni wachache, peleka elfu mbili au tatu. Wakaenda kama 3,000. Wakakimbizwa kutoka langoni mpaka Shebarimu, wakafa kama 36.

Kulia: anayeongea kwanza ni BWANA, 8:1, "usiogope, wala usifadhaike", chukua watu wote wa vita. Na 8:2 anawaambia nyara na mifugo ya mji huu mtachukua wenyewe.

Rudia kuisoma hiyo ya mwisho. Nyara ya Yeriko haramu, nyara ya Ai ruksa. Akani angevumilia mji mmoja tu, mmoja!

Kuhusu wale wapelelezi, usiwaonee sana. Yeriko iko chini ya usawa wa bahari, kama mita 250 hivi, na Ai ni kule milimani upande wa mashariki wa Betheli, kwa hiyo kutoka bondeni mpaka juu ni kupanda zaidi ya mita 1,000. Kwa huku kwetu ni kama utoke Moshi mjini kwa mguu mpaka geti la Marangu halafu ukifika juu ndo uanze kupigana. Ushauri wa kuwapumzisha watu ulikuwa na akili yake. Ila hesabu ilikosea, maana 8:25 inasema waliokufa Ai siku ile, wanaume kwa wanawake, walikuwa 12,000. Hao ndo waliitwa wachache.

Tahadhari: 8:3 inataja watu 30,000 waliotumwa usiku na 8:12 inataja waviziaji 5,000. Kuna wanaosema ni makundi mawili, kuna wanaosema ni kundi moja limetajwa mara mbili. Ukiulizwa jibu hivyohivyo kwa kifupi uendelee, usikubali dakika ishirini ziishie hapo, maana kila kikundi kina mzee mmoja anayependa namba.

## Hatua ya 3: Rangi mbili, andiko na mawazo yako

Chukua ile kalamu ya pili. Pitia kila ulichoandika mpaka sasa. Kilichoandikwa kwenye Biblia kiache na rangi ya kwanza, kila ulichoongeza wewe kipigie mstari wa rangi ya pili.

Utashtuka. Mfano, "Yoshua alienda Ai bila kumuuliza Mungu". Umeisikia mara ngapi hiyo? Sura ya 7 haisemi hivyo, iko kimya tu, haitaji kuuliza wala kutokuuliza. Panaposemwa wazi kwamba hawakutaka shauri kinywani mwa BWANA ni 9:14, kwenye habari ya Wagibeoni. Unaruhusiwa kusema "ona, hatuambiwi popote kwamba Yoshua aliuliza". Hauruhusiwi kusema "Biblia inasema hakuuliza". Tofauti ni ndogo ila msikilizaji anayesoma Biblia yake vizuri atakushika hapo, na akikushika moja hakuamini tena.

Mfano mwingine ni mke wa Akani. Kuna watu wanahubiri nusu saa nzima jinsi mke alivyomficha mumewe. Nenda 7:24 uhesabu waliotajwa: wana wa kiume, wana wa kike, ng'ombe, punda, kondoo, hema. Mke hatajwi kabisa. Umemtoa wapi?

Tena kuna kitu kimoja kizuri sana ukishatenganisha rangi. 7:1 inakwambia wewe msomaji siri yote kabla vita havijaanza, Yoshua hajui, wazee hawajui, wale 36 wamekufa hawajui. Wewe unajua kwa sababu umeandikiwa. Kikundini kwako hakuna 7:1, hakuna aliyekuandikia siri za watu. Hii iandike kubwa juu ya ukurasa.

## Hatua ya 4: Kaa kwenye kushindwa

Hapa ndo pa kukaa kuliko kote, na ndo hapa walimu wengi wanapita mbio kama wanaogopa mvua.

Tunapenda vita tulivyoshinda. Daudi na Goliathi, kuta za Yeriko, Gideoni na watu 300. Tukisoma tunajiweka upande wa mshindi moja kwa moja. Ai inakataa, inakulazimisha ukae kwanza na watu waliorudi wakikimbia mteremko mzima huku wanapigwa.

Anza na 36. Kwa vita vya Agano la Kale ni idadi ndogo mno, sehemu nyingine wanahesabu maelfu. Lakini mwandishi kaiandika. Waambie watu wako wafikirie jioni ile kambini, wanaume wanarudi mmoja mmoja, wanawake wamesimama wanahesabu, wa kwangu yuko wapi. Usiharakishe hapa, nyamaza kidogo.

Kisha soma mwisho wa 7:5, mioyo ya watu ikayeyuka ikawa kama maji. Rudi 2:11, Rahabu wa Yeriko anawaambia wapelelezi waliotumwa kule mioyo ya watu wa nchi yake imeyeyuka kwa hofu ya Israeli, na 5:1 inasema vilevile kuhusu wafalme wa Wakanaani. Maneno yaliyokuwa ya adui sasa ni ya Israeli. Somo lako linaweza kukaa hapo tu na likatosha.

Baada ya hapo 7:6 mpaka 7:9. Yoshua anararua nguo, anaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la agano mpaka jioni, yeye na wazee, mavumbi kichwani. Sikiliza anavyoomba. Anaanza na kwanini umetuvusha Yordani, bora tungebaki ng'ambo. Hayo ni malalamiko ya jangwani kabisa, yale ya bora tungebaki Misri, na anayeyasema safari hii ni kiongozi aliyeambiwa awe hodari na moyo wa ushujaa! Mi hapa napata faraja sana, sijui wewe. Ila mwisho wa maombi anageuka, anauliza nawe utafanya nini kwa ajili ya jina lako kuu.

Na jibu la Mungu 7:10 ni inuka, mbona umelala kifudifudi hivi.

Sababu ya kukaa hapa ni kwamba kuna mahali maombi yanasimamishwa na Mungu mwenyewe kwa sababu kuna kazi ya mikono inasubiri. Umemdhulumu mtu, unafunga siku tatu. Deni lipo, unakesha. Jibu ni inuka. Lakini kuwa makini usije ukafundisha kwamba kulia mbele za Mungu ni bure, maana hakumkemea kwa kulia, alimwambia anyanyuke akafanye kitu. Na 7:16 inasema Yoshua akaamka asubuhi na mapema, kitu kilichomlaza chini jana ndo kimemwamsha leo.

Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na kushindwa kwako mwenyewe kumoja, kadogo na kweli, ambako uko tayari kukataja siku ya somo. Kakiwa ka miaka ishirini iliyopita kabla hujaokoka hakahesabiki.

## Hatua ya 5: Aya ya 21 kwa karibu, na ile sukari

7:21 Akani anakiri mwenyewe. Andika vitenzi vyake: nikaona, nikatamani, nikatwaa, afu vimefichwa. Fungua Mwanzo 3:6 uweke pembeni. Mwanamke akaona, ukatamanika, akatwaa. Kwenye Kiebrania ni vitenzi vilevile vitatu kwa mpangilio uleule, na pale bustanini nao waliishia kujificha.

Sasa vitu vyenyewe. Joho zuri la Shinari, yaani Babeli, shekeli 200 za fedha, na kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Shekeli moja ni kama gramu 11 na kitu. Kwa hiyo fedha ni kilo mbili na ushee, dhahabu ni nusu kilo na ushee.

Hapo ndo sukari inaingia. Kabla watu hawajafika, weka chini ya mkeka ile sukari kilo mbili, pakiti ya chumvi juu yake, na kitenge kimekunjwa. Mpangilio wa aya ni kwamba fedha ilikuwa chini kabisa. Usiseme kitu. Watu wakae. Kuna mmoja atakalia nundu ataanza kujisogeza, anasogea, anageuka, anauliza hapa chini pana nini. Mwambie vumilia tutafika.

Ukifika aya ya 21 funua mkeka. Mwambie mtu abebe sukari mkono mmoja na chumvi mkono mwingine asimame nayo. Ni hivyo tu, mzigo wa kubeba kutoka dukani. Kwa huo kambi nzima ikashindwa kusimama.

Afu uliza swali hili na uwaache wajibu wenyewe: lile joho angelivaa wapi? Wako kambini, wanajuana wote, kila mtu alisikia amri. Akilivaa amejikamata mwenyewe. Fedha angenunua nini na kwa nani? Alichukua vitu ambavyo hawezi kuvitumia, kazi yake ikabaki moja tu, kuvilalia juu asionekane. Nimeendesha somo hili mara nyingi na kila mara hapa ndo watu wanaanza kuongea bila kuombwa. Mara moja mzee mmoja fundi cherehani alishika kile kitenge akakigeuzageuza akasema taratibu, "kumbe kitu cha wizi hakina hata mahali pa kukivalia."

Tahadhari: usiongeze mifano ya wizi inayofanana na habari ya mtu yeyote aliyepo pale. Kama mwezi huu kuna kesi ya mchango wa msiba kupotea, usitoe mfano wa mchango. Toa wa kwako.

## Hatua ya 6: Zile sehemu ngumu, zijibu kabla hujaulizwa

Hapa sipambi maneno. Kuna mambo matatu yatakuja tu.

La kwanza, ule msako wa 7:14 mpaka 18. Kabila, ukoo, nyumba, mpaka mtu mmoja. Andiko linasema "kutwaliwa", wengi wanaelewa ni kura. Waonyeshe muda: tangazo lilitolewa leo, kazi ikafanyika kesho asubuhi. Akani alikuwa na usiku mzima. Likatwaliwa kabila la Yuda, kimya. Ukoo wa Zera, kimya. Zabdi, kimya. Na alipobaki peke yake, Yoshua alimwita "mwanangu", hakumwita mwizi.

Huo utaratibu hukupewa wewe. Uliamriwa na Mungu kwa Yoshua siku ile, wewe huna sanduku wala huna amri. Kwa hiyo sentensi kama "kuna Akani humu ndo maana hatubarikiwi" zifute kabisa kinywani. Naziona zinavyotumika, mradi wa ujenzi umekwama basi kuna Akani hatoi zaka, mtoto anaumwa basi kuna Akani ukoo huu, na mwisho wa safari hiyo ni bibi kizee wa watu anaitwa mchawi. Hata wanafunzi wa Yesu wakati anasema mmoja wenu atanisaliti, Mathayo 26, kila mmoja aliuliza "Je, ni mimi, Bwana?" Swali ndo liwe hilo.

La pili, watoto wa Akani. Kumbukumbu la Torati 24:16 inasema watoto wasiuawe kwa ajili ya baba zao, na hapa 7:24 na 25 watoto wapo na baba yao kwenye bonde la Akori, alipopigwa mawe. Wengine wanajibu watoto walijua kwa sababu vitu vilikuwa hemani, lakini hiyo ni rangi ya pili, kumbuka. Mi nawaambia hivi: aya hizi mbili ziko kwenye Biblia moja na zinavutana, Ezekieli 18:20 inasimama na Kumbukumbu, na mimi nikifundisha nyumba yangu nasimama na hizo. Kama mtu ana uchungu na jambo hili mwache awe nao, usimzime kwa sauti ya mamlaka.

La tatu, mauaji ya watu wa Ai. Usiweke jina la kabila, dini wala chama chochote mahali pa Ai, hata kwa utani. Amri ile ilikuwa ya mji ule na siku ile. Na kwa hadithi hii ukitaka kumtafuta adui, mwandishi ameshakuonyesha alikuwa ndani ya hema, chini ya mchanga.

## Hatua ya 7: Chagua somo moja, sentensi moja

Mpaka sasa daftari limejaa. Utatamani kufundisha yote. Usifundishe yote.

Andika sentensi moja yenye namba ya aya. Ipime hivi: imetoka kwenye aya kweli? Mtu anaweza kuifanyia kazi kabla ya Jumamosi? Imenigusa mimi kwanza?

Sentensi mbovu ni kama "tuache dhambi ili tushinde". Haina aya na haina pa kushika. Nzuri ni kama hii: "Kuna kitu kimoja nimekiombea muda mrefu ambacho Mungu ananiambia inuka ukirudishe (7:10)".

Nyingine naipenda zaidi siku hizi, na watu wengi hawaioni. Soma 8:5 na 6. Mpango wa shambulio la pili ulikuwa Israeli wakimbie tena mbele ya Ai, makusudi, ili watu wa mji waseme wanatukimbia kama mara ya kwanza, watoke wote, mji ubaki wazi. Yaani ile aibu ya kukimbia, ile iliyoyeyusha mioyo, ndo ikawekwa katikati ya mpango. Wamekimbia tena, safari hii wanajua wanakimbilia nini. Mtu aliyefeli biashara, aliyeachwa, aliyerudi kijijini na begi tupu, msomee hizo aya mbili polepole kisha usiongeze neno.

Sasa mwite yule msikilizaji wako, msimulie dakika tano, mwulize amesikia nini. Akitaja kitu kingine tofauti na sentensi yako, rudi ukatengeneze.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe, saa moja

Dakika kumi za kwanza someni kwa sauti, watu tofauti, sura ya 7 tu. Dakika tano mtu asimulie bila kuangalia. Kumi na tano ni za kushindwa, 36, mioyo, Yoshua chini, na kale ka kwako utaje hapa. Kumi za mkeka. Dakika kumi kila mtu akae kimya na karatasi yake, aandike anachokijua mwenyewe, hakuna kukusanya karatasi, hakuna kusoma, ataichana au ataondoka nayo.

Dakika kumi zilizobaki ni za sura ya 8, na hizi usizile. Mwalimu akizidiwa na muda anakatia hapo kwenye mawe ya bonde la Akori na watu wanaenda nyumbani na rundo la mawe kifuani. Lazima ufike 8:1. Na ukiweza malizia na Hosea 2:15, bonde hilohilo la Akori, lenye jina la taabu, Mungu anasema atalifanya kuwa mlango wa matumaini.

Mtu akianza kukiri hadharani jambo zito, msimamishe kwa upole, "asante dada, hili tutakaa mimi na wewe na mama mchungaji baada ya hapa". Kikundi si mahali pa kumvulia mtu nguo. Lakini kama anachokiri ni kuumiza mtoto au kuna mtu yuko hatarini, hilo si la maombi peke yake, linafika kwa wahusika siku hiyohiyo, na usimwahidi kuficha.

Dalili kwamba somo limeenda vizuri hazina kelele. Hakuna aliyegeuza shingo kumwangalia mwenzake. Kuna mtu amebaki amekaa baada ya sala. Wiki inayofuata waliokuja ni walewale, na pengine unasikia kwa mbali fulani alienda kulipa kitu mahali. Usiulize nani.

Sukari pikieni chai hapohapo, kilo mbili zinawatosha na itabaki. Kitenge mrudishie mwenyewe kabla hujasahau. Chumvi mwachie mwenye nyumba.